Bi Nguchiro na Maji ya Bondeni

Hapo zamani za kale, wanangu, moto uliteketeza msitu, wanyama wakahamia bonde jipya. Ikabidi wapange upya nani afanye kazi gani. Waliopanga ni Nyati na Kifaru, kwa kuwa ndio waliokuwa na nguvu.

"Sisi madume tutachimba visima na kukaa barazani," alisema Nyati. "Majike watapika, watalea, watanyamaza."

Ikawa hivyo.

Mwaka ule mvua haikunyesha. Kijito kikakauka kau! Bi Nguchiro, mjane mwenye umbo dogo, akanusa mchanga, akajua chini pana maji. Mbio mpaka barazani.

"Hodi, wakubwa! Pale penye mwamba mweupe pana maji. Mwanangu Mashavu ana kiu, hata kulia hawezi. Niruhusuni nichimbe, au chimbeni ninyi!"

"Loo! Jike na kisima wapi na wapi?" Kifaru akacheka, kwa! kwa! kwa!

"Rudi jikoni, bibi," akasema Nyati.

Hakurudi. Alikwenda mwambani akaanza kuchimba, paru! paru! Wakamkamata, wakamburuta mpaka mlangoni kwake.

Kesho yake Mashavu akafa.

Madume wakaja, wakachimba kaburi upesi upesi, wakasema pole, wakaenda zao. Bi Nguchiro alitaka kulia, lakini hata machozi yalikuwa yamemkauka.

Asubuhi iliyofuata akajipenyeza ndani ya kichuguu kilichokuwa karibu na baraza, akanguruma kwa sauti nzito:

"Ngrrr! Mimi ni babu yenu, dume la madume! Chimbeni penye mwamba mweupe!"

"Labeka, babu!" Nyati akaruka.

Wakachimba, puu! puu! puu! Mara maji yakabubujika. Wakanywa, wakacheza, wakarushiana matope.

"Mnaona?" Nyati akatamba. "Anayejua maji ni dume!"

Bi Nguchiro akatoka kichuguuni, vumbi mwili mzima.

"Ngrrr," akasema taratibu. "Babu yenu ndiye mimi."

Nyati akainamisha pembe zake.

"Bibi, mbona hukutuambia mapema?"

"Niliwaambia, bwana. Mashavu alikuwa hai."

Tangu siku ile, bondeni huchimba yeyote anayeweza, na majike huketi barazani. Lakini siku ile Bi Nguchiro hakunywa. Aliteka maji kidogo kwa viganja, akaenda kuyamwaga juu ya kaburi.

Nanyi wanangu, mkija kupanga nchi yenu, kazi mpeni anayeiweza, awe dume au jike.