Akiba ya Bi Mwanasha Yahama

Mniwie radhi, kisa hiki nakisimulia vibaya: kila nikifika katikati, kicheko changu hutangulia chenu.

Bi Mwanasha alitaka akiba yake isiyokatwa kodi ihamie benki ya jirani, yenye faida nono zaidi. Akiichukua taslimu mkononi, msamaha wa kodi unapotea. Lazima benki yenyewe iihamishe kwenda benki nyingine. Naye Meneja Shekiondo wa benki aliyotaka kuihama kila siku alimwambia, "Njoo kesho, mama."

Siku hiyo aliingia na wenzake wa kikundi, wakajaza ukumbi.

"Baba, hawa wana akiba kama yangu. Wanataka kuhama benki ila wanaogopa. Wamesikia ni kazi ya miezi."

Meneja alinusa wateja wapya, akatabasamu hadi gego la mwisho likaonekana. "Miezi? Uzushi! Hata chai haipoi."

"Hawaamini mpaka waone. Waonyeshe kwa yangu."

Meneja akabonyeza kompyuta, akagonga muhuri, akajinyoosha kwa madaha. "Imekwenda! Haya, akina mama, mnatoka benki gani?"

"Hii hii, baba," wakaitika, wakijipanga foleni.

Bi Mwanasha akajishika kichwa. "Usiwalaumu, Meneja. Kosa ni langu: nilitaja kuhama, nikasahau kutaja wanakotoka."