Nguo ya Safari ya Bi Mize

Nguo ya kashani ina siku yake.

Mnacheka nini? Zena, mama yako amekwambia hivyo asubuhi hii alipokukuta umeinamia kasha lake, unatafuta kitambaa cha kukupunguzia gharama za harusi, nawe umekuja hapa uani kutuhadithia kama kichekesho. Haya. Mmeniuliza maneno hayo yametoka wapi, nami shangazi yenu nitawaambia, kwa sababu nilikuwapo. Ila mikono isiache ungo. Mchele huu haujichagui wenyewe.

Maneno hayo yalizaliwa hapa hapa Pangani, nyumba inayopakana na yetu, na yalizaliwa hivi.

Palikuwa na bibi mmoja akiitwa Bi Mize, msuka mikeka. Mwanawe wa pekee alifariki akamwachia mjukuu, Sauda, mtoto wa kubebwa mgongoni. Bi Mize alikuwa akiweka akiba ya kwenda Hija tangu ujana wake, lakini mtoto hali akiba, anakula chakula. Akiba ikaenda kwenye uji, ikaenda kwenye sare za shule, ikaenda hospitali mwaka ule Sauda alipougua mapafu. Hija hakwenda tena. Bi Mize hakulalamika hata siku moja, na mimi nilikaa naye ukuta kwa ukuta, ningesikia.

Kitu kimoja tu alikipata. Jirani yetu Mzee Shekue alipokwenda Maka, Bi Mize alimpa pesa ya mikeka yake akamwambia, "Niletee nguo nyeupe, uioshe kwa maji ya Zamzam, unikaushie huko huko." Mzee Shekue akamletea. Bi Mize akatia uzi wa kijani pembeni mwa nguo ile ili isije ikachanganywa na ya mtu mwingine, akaikunja, akaiweka chini kabisa kashani. Juu yake akaweka chupa ya marashi, udi, bunda la pamba na pakiti ya kafuri.

Nyinyi watu wazima sasa, nadhani mmeshajua ni nini kile. Lakini Bi Mize hakulitaja jina lake mbele ya mtoto. Nani anamtajia mtoto maneno hayo? Kila Sauda alipouliza, aliambiwa, "Hiyo ni nguo yangu ya safari." Na safari aliyoijua Sauda katika nyumba ile ni moja tu, ile ya Hija iliyozungumzwa kila siku na isiyofanyika. Akakua na hilo kichwani.

Sauda akaposwa. Kijana mwenyewe Hemedi, fundi wa baiskeli, mtu wa watu lakini mfukoni hamna kitu. Wakati ule wasichana wa hapa walikuwa wamepata wazimu wa kwenda Tanga kukodi shela. Nguo ya kuvaa saa chache, unailipia pesa ya kulisha nyumba mwezi mzima, na hapo bado hujamlipa mpambaji. Sauda akasema yeye hapana. Wenzake wakamtania, wakamwita mkono wa birika. Yeye akawajibu, "Nyinyi onekaneni kwa shela, mimi nitaonekana kwa sura yangu." Alikuwa na mdomo, Sauda!

Na msinisikie vibaya. Alikuwa na haki. Kubana matumizi si dhambi, na kuanza ndoa kwa madeni ni ujinga. Mimi mwenyewe nilimsifu.

Basi siku moja Bi Mize alikuwa amelala, miguu imemvimba, macho nayo yamezibwa na mtoto wa jicho. Sauda akafungua kasha. Akaiona nguo nyeupe, nzito, safi, ndefu kuliko vitambaa vyote vya dukani. Akawaza, bibi yangu hata msikitini hafiki, Maka atafikaje? Nguo inaozea humu kwa ajili ya safari ambayo haipo. Akaichukua. Akachukua na vingine: marashi ya kujipaka, udi wa kujifukiza, pamba ya kupakia poda. Kafuri aliiacha, alidhani ni dawa ya mende.

Akaenda kushonea kwa rafiki yake aliyekuwa na cherehani, kwa siri. Si siri ya mwizi. Alitaka bibi yake amwone bi harusi ndani ya nguo ya Maka, afurahi, ajue ile safari haikupotea bure. Aliniambia mwenyewe baadaye, na mimi namwamini mpaka leo.

Jamani, nguo ile ilipendeza! Alitia shanga kifuani, akatia mikono mirefu, akaacha mkia unaburura. Wale wa kukodi Tanga wakaja kuishika kwa mikono yao. Kila aliyeuliza imegharimu kiasi gani aliambiwa, "Uzi na shanga tu." Mimi nilipiga vigelegele mpaka koo likanikauka.

Kabla ya kutoka, bi harusi akapelekwa kwa bibi yake kuomba radhi, kama ilivyo desturi. Akapiga magoti mbele ya kitanda. Bi Mize haoni, ananyoosha mikono, akaanza kumpapasa kichwani, mabegani, akashuka kwenye mkono wa nguo. Pale akasita. Akaishika nguo, akaivuta taratibu, akatafuta ukingo wake mpaka chini kwenye pindo. Kidole chake kikaukuta ule uzi wa kijani, maana Sauda hakuona sababu ya kuutoa.

Bi Mize aliinamisha uso juu ya pindo lile. Chumba kizima tukadhani analia kwa furaha.

"Imekukaa vizuri, mwanangu," akasema.

"Umeitambua, Bibi?"

"Nitaachaje kuitambua? Ni nguo yangu ya safari. Harusi ikiisha, ifumue, uirudishe kashani. Hata kama imekatwa. Umesikia?"

Sauda akacheka, akambusu mkono. "Safari gani tena, Bibi, na miguu hii?"

Na watu tukacheka naye, maana nyumba ya harusi kila neno linachekesha. Bi Mize akasema tu, "Irudishe, Sauda." Angesemaje zaidi? Siku ya harusi ya mjukuu wake, nyumba imejaa watu, atoe mdomoni neno la maiti? Alimpa radhi zake, akamwacha aende.

Fungate ikaisha. Nguo ikaoshwa, ikapigwa pasi, ikatundikwa. Sauda alikuja kumwona bibi yake kila siku, na kila siku Bi Mize aliuliza, "Umeifumua?" Naye akajibu, "Kesho, Bibi." Kazi ya kufumua shanga zile, na mtu mwenyewe ndoa bado changa! Akaona ni mambo ya wazee, wanang'ang'ania vitu.

Hapo wakaja watu wa Bweni, ng'ambo ya mto. Wana mwari wao anaolewa, wamesikia habari za shela lisilo na mfano, wanaomba kulikodi. Sauda akafurahi. Nguo imelala tu, na godoro la Bi Mize limekuwa gumu kama sakafu. Akawapa, akawaza pesa ile atamnunulia bibi godoro jipya. Mnaona? Hata hapo alikuwa anamfikiria yeye.

Siku ya harusi ile ya Bweni, asubuhi, Bi Mize alifariki. Aliomba maji, akanywa kidogo, basi.

Tukalia, kisha tukaanza kazi, kwa sababu maiti haisubiri. Wanaume wakaenda kuchimba, maziko yakapangwa baada ya Alasiri. Akaitwa Bi Mwajabu, mwosha maiti, mwanamke asiye na maneno mengi. Akaingia chumbani, akafungua kasha. Akainua kanga moja baada ya nyingine mpaka akafika chini. Palikuwa na pakiti ya kafuri tu.

"Sauda," akaita, "sanda ya bibi yako iko wapi?"

"Sanda gani?"

"Aliyoletewa na Mzee Shekue. Aliniusia mwenyewe, 'Mwajabu, siku yangu ikifika usihangaike dukani, nguo yangu ya safari iko kashani, imeoshwa kwa Zamzam. Maka sikufika, lakini nitazikwa na maji yake.' Iko wapi?"

Sijapata kumwona mtu akigeuka vile. Sauda alikaa chini, pale pale alipokuwa. Akasema polepole, "Safari." Akarudia, "Safari," halafu akapiga ukelele ambao sitaki kuusikia tena. Nikamshika. Akanipokonya mkono, akatoka mbio, nami nikamfuata nikiwa na kanga moja tu kiunoni na viatu sina.

Kivuko kilikuwa kiko upande wa pili. Tukasubiri. Jua linapanda, yeye anazunguka pale ufukweni anasema, "Itatosha, shoga, itatosha hata ikiwa vipande. Alisema hata kama imekatwa. Nitafumua nikiwa njiani." Nilimwitikia ndiyo, ndiyo. Ningemwambia nini?

Tulipofika Bweni hatukuuliza nyumba, tulifuata ngoma. Uwanja umejaa, masufuria ya pilau yako motoni, watoto wanakimbizana. Mama wa bi harusi akatuona, akaja mikono wazi.

"Mwenye nguo huyu! Karibu, karibu! Umekuja kumwona? Njoo utazame ilivyomkaa!"

Akamvuta Sauda mkono mpaka ndani. Mwari ameketi juu ya jamvi, mtoto mdogo tu, mikono imejaa hina. Alipomwona Sauda akasimama, akazunguka ili aonekane vizuri, mkia wa nguo ukazunguka naye. Nikauona uzi wa kijani kwenye pindo.

"Dada," yule mtoto akasema kwa haya, "eti, nimependeza?"

Sauda alifungua mdomo. Niliona neno limefika kwenye ulimi. Angelitoa, angeipata nguo yake, na yule mtoto angejua amevikwa nini siku ya harusi yake, na asingelisahau maisha yake yote. Sauda akalimeza lile neno.

"Imekukaa vizuri, mwanangu," akasema.

Akageuka, akatoka. Wanawake wakampigia vigelegele, wakamlazimisha achukue sahani ya pilau, mmoja akauliza mbona bibie analia harusini. Yeye akashika njia ya kivukoni.

Tuliporudi jeneza lilikuwa limeshatoka. Bi Mize alizikwa na nguo ya msikitini, ile inayowekwa kwa ajili ya wasio na mtu. Nguo halali, nyeupe kama nyingine, Mungu haangalii kitambaa. Tulimwambia hivyo Sauda, Bi Mwajabu alimwambia, hata shehe alimwambia. Akatikisa kichwa. Alisema, "Mungu haangalii. Lakini yeye aliniomba." Wasemao majuto ni mjukuu hawakukosea, na huyu ndiye mjukuu mwenyewe.

Shela lilirudi wiki iliyofuata, lina doa la pilau kifuani. Sauda akaliosha, akakaa barazani, akafumua. Shanga moja moja, mshono mmoja mmoja. Vipande akavikunja akavirudisha chini kabisa kashani, na kafuri juu yake. Kwa ajili ya nani? Hakuna. Bi Mize alikuwa ameshakwenda, na alikwenda bila nguo yake.

Miaka ilipita, watu wakaendelea kuja. Walikuwa hawajui, walikumbuka tu lile shela zuri, wakabisha hodi wakiomba liwafae na binti zao. Sauda alikuwa akiwajibu mlangoni, bila hasira, "Nguo ya kashani ina siku yake." Wenye haraka waliondoka. Mmoja aliyebaki akauliza, "Kwani siku yake ni lini?" Sauda akamwambia, "Imeshapita," akafunga mlango. Hapo ndipo watu wakaanza kuyachukua maneno yale, na leo mama yako amekurushia wewe.

Zena, mbona umeacha ungo? Na hicho kitambaa ulichokikalia, usidhani sijakiona. Nenda kakirudishe, kisha umuulize mama yako, kwa adabu, alikiweka kwa ajili gani. Akikwambia ni cha safari, usicheke.

Nguo ya kashani ina siku yake.