Pole na Kazi, Mama

Palikuwa na mama mmoja aliyekuwa akipiga deki jengo kubwa la ofisi mjini. Jengo lina lifti, lakini lifti, kwa agizo la utawala, haipandi na ndoo. Basi ndoo ilipanda kwa ngazi, na mama akiwa ameibeba.

Likabandikwa tangazo: wafanyakazi wote kupimwa moyo bure, ukumbini, na mgeni rasmi atakuwepo. Mama akafurahi. Siku hizo akipanda ngazi kifua kilimbana, na taya likamuuma kama ana jino bovu, na meno yake yote ni mazima. Akamfuata msimamizi.

"Bosi, na sisi wa usafi tutapimwa?"

"Mama Tumpe, tangazo linasema wafanyakazi. Nyie ni wa kampuni ya usafi."

"Si tunafanya kazi humuhumu?"

"Kazi mnafanya, ndiyo. Ila si wafanyakazi." Akaona ameeleweka. "Halafu korido ing'ae. Mgeni anakuja kwa mambo ya afya."

Mnacheka? Chekeni sasa hivi.

Siku ikafika. Mama yuko kwenye korido ya kwendea ukumbini, maumivu yakampigisha magoti, mkono mmoja kifuani, mwingine umeng'ang'ania ndoo. Watu wakapita. Na sisi tuna adabu zetu, hatumpiti mtu kazini kimya. "Pole na kazi, mama." "Pole na kazi." Wakanyanyua suruali zisilowe. Mgeni rasmi, daktari wa moyo mwenyewe, hotuba mkononi, akamkwepa kwa heshima: "Pole na kazi, mama." Dada mmoja akanuna: "Hawa wa usafi nao! Unawasalimia, hawaitikii."

Hotuba ikaisha, makofi yakapigwa, watu wakatoka. Sakafu ilikuwa imekauka. Mama bado amepiga magoti, ameiegemea ndoo, mwili umeshapoa.

Wapendwa, nani alimkosea adabu mama huyu? Hakuna. Hilo ndilo linaloninyima usingizi. Nimeutafuta mwisho mwingine, ambao daktari anageuka nyuma. Sikuupata.

Sakafu hii ya kanisa mliyoikuta inang'aa asubuhi ya leo, nani aliipiga deki? Mlipompita mlimwambia nini? Kuna aliyesubiri aitikie?

Sasa tunakwenda kupiga magoti juu ya sakafu hiyohiyo, tumwombe Mungu asitupite. Naye akinyanyua vazi lake, akatukwepa kwa heshima, akasema, "Poleni na maombi," sisi tutamlaumu kwa lipi?