Fisi na Dawa ya Kukimbiza Chakula Tumboni

Jamani, hadithi hiyooo!
— Na ije!
Wenye shibe mpo?
— Tupo!
Wenye njaa?
— Ndio sisi!
Basi sogeeni karibu, maana hii ni ya tumbo.

Hapo kale wanyama walilima pamoja, wakavuna pamoja, lakini hawakula pamoja. Ndiyo ilikuwa desturi. Siku ya karamu ya mavuno, Fisi, mkubwa wao, anakaa mbele ya vyungu peke yake. Yeye anakula, wengine wanatazama. Mpaka aseme "Nimeshiba," ndipo wengine wagombee makombo.

Na Fisi alikuwa na huzuni moja tu: alikuwa akishiba. Alilia kabisa. "Wali umebaki, nyama imebaki, tumbo limejaa! Tumbo gani hili lisilo na adabu?"

Akamwita mganga Nungunungu. Nungunungu akatwanga mizizi, twa! twa! twa! Akasema, "Bwana Mkubwa, dawa hii inakimbiza chakula tumboni. Unakula, kinashuka, unakula tena. Ila sijaijaribu."

"Ijaribu kwa wadogo wadogo huko," akasema Fisi.

Akakamatwa Sange, yule mnyama mdogo mwenye pua ndefu, anayeishi shimoni. Akafungiwa ndani ya tenga, asionje kitu.

"Tumbo la kujaribia dawa sharti liwe tupu," Nungunungu akamweleza kwa upole, huku ananoa kisu, kwachu, kwachu. "Kesho utakunywa dawa, utakunywa na uji uliotiwa mkaa. Halafu nitakupasua nione mkaa umefika wapi."

"Na mimi nitakuwa nimefika wapi?" akauliza Sange.

Nungunungu akaendelea kunoa.

Kulipokucha, siku yenyewe ya karamu, vyungu vinanukia, Fisi akaja kutazama. Sange akajikaza.

"Bwana Mkubwa, nakuonea huruma."

"Mimi?"

"Tumbo langu likipata punje tatu limejaa. Dawa ikikubali kwangu, itakuwa dawa ya punje tatu. Sasa wewe uinywe, ule punje tatu, ushibe?"

Fisi akashtuka. "Ajaribiwe nani basi?"

"Ajaribiwe mwenye tumbo."

"Nipasuliwe mimi?"

"Astaghafiru! Wakubwa hawapasuliwi. Wakubwa wanaulizwa tu, wanajieleza. Ila sharti la tumbo tupu liko palepale. Muulize mganga."

Nungunungu hakuweza kulikana sharti lake mwenyewe. "Tupu kabisa," akasema.

"Na lazima wawepo wa kulinganishwa nao," akaongeza Sange. "Wanaokula bila dawa."

"Maskini!" akasema Fisi. "Nani atakubali kula bila dawa?"

Sange akashusha pumzi. "Tutajitolea, Bwana Mkubwa. Sote."

Basi tenga likafunguliwa, Fisi akafunga kula. Tumbo lake, ngrrr! ngrrr! Wenzake, nyamu, nyamu, nyamu!

"Mnaendeleaje?" akauliza Fisi.

"Tunateseka kwa ajili yako, Bwana Mkubwa!"

Fisi akawashukuru, machozi yanamlengalenga.

Alasiri akanywa dawa na uji wake wa mkaa. Punde si punde, gulugulu, gulugulu, prrrr! Akatimka vichakani. Akarudi amesinyaa, anacheka. "Inafanya kazi! Tumbo tupu! Leteni vyungu!"

Vyungu vikaletwa. Navyo vilikuwa vitupu.

Sange alikuwa ameshaondoka, lakini alikuwa amekula kwa hasira ya njaa yake yote. Alipofika shimoni kwake, pua ikaingia, tumbo likagoma. Akasukuma, wapi! Na kule nyuma akamsikia Fisi akinguruma, "Nani alileta maneno ya kulinganisha?"

Nungunungu akapita na mkoba wake.

"Mganga, nisaidie! Ile dawa imebaki?"

"Imebaki," akasema Nungunungu. "Na kisu nacho bado kina makali."

Pyuu! Sange akazama shimoni, hadi mkia. Nungunungu anaapa hajaona tumbo likinywea upesi namna ile, tena bila mizizi.

Funzo, wanangu? Funzo ni kwamba wadogo wawatii wakubwa, wasiwe wajanja, na wala wasiguse chakula cha mkubwa. Wanyama wote walilisikiliza funzo hilo wakiwa wamelala chali, wamevimbiwa, wakasema ni zuri sana.

Hadithi yangu imekwisha. Kama ni tamu, gawaneni. Kama ni chungu, mpelekeeni Fisi, leo hachagui.