Mvule Ndani ya Kioo

Alikuwapo mpasua mbao mmoja ambaye kwa miaka thelathini hakuogopa chochote kilichosimama mbele yake. Miti iliyowashinda wenzake ilimngoja yeye. Alipoteremka mlimani, malori mawili yaliteremka nyuma yake yakilia kwa uzito. Mtu wa namna hiyo, wapendwa, mnadhani ataogopa nini?

Aliogopa kulazwa chali.

Kichwa kilianza kumuuma wakati wa kiangazi. Masika yalipoingia, mkono wake wa kulia haukuweza tena kufunga kifungo cha shati. Katika hospitali kubwa akaambiwa kuna kitu kinaota kichwani, na daktari bingwa hawezi kukigusa kabla ya kuona picha za kipimo cha MRI. Bingwa mwenyewe alikuwa mgeni, amebakiwa na siku moja tu ya upasuaji. Picha zikipatikana leo, mzee atapasuliwa kesho. Zisipopatikana, angoje miezi sita. Na miezi sita hakuwa nayo.

Mashine ile, kwa asiyeijua, ni kama bomba nene. Unalazwa kwenye kitanda chembamba, kichwa kinabanwa, unasukumwa ndani, kisha mashine inagonga kama mafundi kumi wanaopigilia mabati. Sharti ni moja: usitikisike. Ukitikisika, picha zimeharibika.

Mpasua mbao hakumaliza dakika mbili.

"Nitoeni! Mnanizika na roho yangu!"

Mtaalamu wa mashine, binti ambaye angeweza kuwa kitinda mimba wake, akamtoa na kumfuta jasho.

"Pole, baba. Afadhali wewe. Juzi kuna mwanajeshi alitaka kutoka na mashine yenyewe."

Mzee akacheka huku meno yakigongana. "Mwanangu, mle ni kaburini. Niwekee hata taa."

"Nitakuwekea kizuri kuliko taa. Nina picha moja ninayowawekea waoga wangu."

"Mimi, mwoga?"

"Leo wewe ndiye mwenyekiti wao, baba."

Akamfungia juu ya macho kioo kidogo, kimeinamishwa hivi, ili aliyelala aone ukuta ulio nyuma ya mashine. Ukutani akawasha picha. Masikioni akamwekea sauti ya maji.

Mzee akaona mvule. Mvule mpana kama nyumba, mizizi yake imekumbatia jiwe lililopasuka katikati, na katika ufa wa jiwe maji yanachuruzika, membamba, meupe, yanapotelea chini ya majani ya kangaga. Juu kabisa, ukungu umekaa katika matawi kana kwamba hauna safari. Mashine ikaanza kugonga, naye hakuisikia. Pumzi ikamtulia. Akasema moyoni, "Ee Mungu, ukinivusha hapa, nifikishe kwenye maji yale ninawe uso." Nusu saa nzima hakikucheza hata kidole cha mguu.

Kitanda kikatoka nje. Ilibaki sehemu ya mwisho: achomwe dawa ya kuzing'arisha picha, kisha arudi ndani dakika kumi. Kichwa chake kilikuwa kingali kimebanwa, na kioo kingali machoni pake.

"Mwanangu, pale ni nchi gani?"

"Nchi gani tena, baba! Ni kwetu. Nilipapiga picha mwenyewe, nikiwa likizo. Pale barabara ya mlimani inapoishia."

"Nikipona, unipeleke."

Binti alikuwa akimpangusa mkono kwa pamba. "Hapapo tena, baba. Walipanda watu na misumeno ya injini, siku nne tu. Mwaka uliofuata maji yakakatika. Bibi yangu alikuwa akichota pale pale nyuma ya nyumba. Ikambidi kuteremka korongoni. Akateleza na ndoo yake. Tulipomfikia alikuwa amekwisha kutuacha."

Mzee akayarudisha macho kwenye kioo.

Jiwe. Jiwe lililopasuka! Juu ya jiwe lile alikaa siku nne akinoa mnyororo wa msumeno kwa tupa. Katika ufa ule alichomeka chupa yake ya chai. Jiwe alilijua. Mti hakuutambua. Mtaniuliza, mtu anasahauje mti aliouangusha mwenyewe? Hakuusahau, wapendwa. Hakuwahi kuutazama. Aliuzungushia kamba kujua unene wake, akawasha msumeno. Ilimpasa alazwe chali na kubanwa kichwa ndipo ayainue macho yake.

"Mwanangu," akasema, "ni mimi."

"Ni wewe nini, baba?"

"Niliyeuangusha. Ni mimi."

Pamba ikasimama juu ya mkono. Hebu oneni: aliyemkaushia bibi maji amelala mbele ya mjukuu, kichwa kimefungwa, hawezi hata kugeuza uso, na sindano iko mkononi mwa mjukuu. Wewe ungefanya nini? Usinijibu upesi.

"Izime hiyo picha," mzee akasema. "Sistahili. Izime."

Machozi ya binti yalidondoka juu ya shuka. Kisha akamchoma sindano taratibu, kama alivyofundishwa.

"Bila picha hutatulia," akasema, na sauti yake haikuwa tena ile ya utani. "Zimebaki dakika kumi. Usitikisike, baba."

Akaondoka, akaiacha inawaka.

Dakika kumi yule mpasua mbao alilala mbele ya mvule wake. Machozi yakajaa masikioni, wala hakutikisika. Picha zikatoka safi.

Naona mnataka kujua kama alipona. Mimi nataka kujua habari zetu sisi. Tukiugua tunamwomba Mungu kivuli na maji. Tukipona tunatafuta shoka. Nasi tumezoea kuiogopa hasira yake. Tungejua! Rehema yake ndiyo itakayotutikisa, siku atakapotufariji kwa kitu kile kile tulichokiangusha, kwa mkono wa yule yule tuliyemdhulumu.

Sasa tazameni hapa nilipoweka mikono. Mimbari hii ni ya mvule. Siku tulipoiweka wakfu akina mama walipiga vigelegele, kwaya ikaimba, nami niliusifu mng'ao wake. Mbao pana namna hii hazitoki katika mti mchanga. Nani kati yetu aliuliza mti huo ulisimama wapi, na chini yake alichota maji bibi wa nani? Mimi sikuuliza. Mwaka wa tisa huu naegemea hapa nikihubiri upendo, na sikuuliza.

Kabla hatujasimama kuomba, kila mmoja wetu ainame, alitazame benchi alilolikalia.