Kinu Kilichowekwa Rumande

Paukwa!

Pakawa!

Walio kule nyuma sijawasikia. Paukwa!

Pakawa!

Hapo zamani za kale, zama vyombo vikikamatwa huku wezi wakienda zao, alikuwapo Digidigi. Mjane mdogo, miguu kama njiti. Mali yake ilikuwa moja: kinu alichoachiwa na mama yake. Aliwatwangia majirani mtama, twa! twa! twa!, nao wakamwachia kibaba cha unga. Kinu kikilia, wanawe wawili wanakula. Kinu kikinyamaza, wanawe wanalia.

Siku moja wakaja polisi wa msitu. Nyani watatu, mbele yao Sajini Nyani, kifua nje, mkia juu.

"Hodi hapa!"

"Karibuni, afande. Kwema?"

"Si kwema. Mtama wa mfalme umeibwa. Mtama hutwangwa. Kinu hiki hutwanga mtama. Kwa hiyo kinu hiki kiko chini ya ulinzi!"

Digidigi akasogea mbele ya kinu chake. "Afande, mimi sijaiba hata punje."

"Nani kasema umeiba, mama? Wewe huna kosa. Kaa na wanao kwa amani. Mshtakiwa ni kinu."

"Na mwizi je?"

"Mwizi ana mbio. Kinu hakikimbii."

Wakakibingirisha, gudu-gudu, gudu-gudu, mpaka kituoni. Na mchi wakauchukua.

Siku ya kwanza Digidigi akaenda kituoni. "Afande, naomba kinu changu."

"Thibitisha kwamba hakina kosa."

"Nithibitisheje?"

"Hiyo kazi yako, mama."

Siku ya pili akaenda. Jibu lile lile. Siku ya tatu watoto hawakulia tena, maana hata nguvu ya kulia iliwaishia. Akaenda mbio. Kabla hajabisha hodi akasikia nyuma ya kituo: twa! twa! twa! Akachungulia. Nyani wawili wanatwanga mahindi yao, jasho linawatiririka, wanaimba:

"Cha mwenzio kitamu ee, twa!
Mwenyewe yuko nje ee, twa!"

Digidigi hakupiga kelele. Aligeuka, akaenda moja kwa moja kwa Hakimu Kifaru. Huyo haoni mbali, lakini sheria za msitu anazijua zote kwa kichwa.

Kesho yake baraza likajaa.

"Mshtakiwa asogee!" akasema Hakimu. Kinu kikabingirishwa mbele. "Unakubali kosa au unakana?"

Kinu kimya.

"Mbona hajibu?"

"Kiburi, mheshimiwa," akasema Sajini Nyani. "Yuko hivyo tangu tumkamate."

Ngiri, aliyekaa barazani, akacheka mpaka akapaliwa.

Digidigi akasimama. "Mheshimiwa, sheria inasema mnyama asinyang'anywe chake mpaka apatikane na hatia."

"Hiyo ni haki ya mshtakiwa," akadakia Sajini. "Yeye si mshtakiwa. Mshtakiwa ni kinu."

"Kinu hasa, afande?"

"Kinu hasa!"

"Basi, mheshimiwa, mguse mshtakiwa mdomoni. Ana ufa. Alipotoka kwangu hakuwa nao. Na tumboni ana chenga za mahindi, mimi nilitwanga mtama. Sheria inasema mshtakiwa asipigwe. Hawa wamempiga kwa mchi siku tatu, huku wakiimba!"

Sajini akajikuna kwapa. "Mheshimiwa, kile ni kinu tu! Kinu hakiumii!"

"Ahaa!" akasema Hakimu. "Kama ni kinu tu, kimeibaje? Na kama ni mshtakiwa, mlimpigia nini?"

Sajini akauvuta mchi kwake.

"Kinu kirudi kwa mwenyewe. Na kila chombo mnachokishikilia kama mshtakiwa, kipewe haki za mshtakiwa. Kilishwe, kilazwe pazuri, kiletwe hapa kisikilizwe."

"Na mchi, mheshimiwa?" akauliza Sajini, kaukumbatia. "Mchi ndio uliompiga. Tuushikilie!"

"Ulishikwa na nani ulipompiga?"

Sajini akauachia kama kaa la moto.

Jioni ile, twa! twa! twa!, watoto wa Digidigi wakala wakalala wameshiba.

Asubuhi kituo kikazingirwa. Ngiri kaja kwa ajili ya jembe lake, Kanga ungo wake, Kobe kigoda chake.

"Afande, mshtakiwa wangu kanywa uji?"

"Wangu hapendi uji wa baridi!"

"Wangu kalalia nini jana? Sakafu? Mgongo wake mbovu huo!"

Mpaka adhuhuri Sajini Nyani alikuwa anakinywesha kigoda uji kwa kijiko. Jua halijatua, vyombo vyote vilikuwa vimerudi kwao. Ndipo polisi, kwa kukosa la kufanya, wakaanza kumtafuta mwizi.

Fundisho ni hili: usimnyang'anye mtu mali yake kwa kumshuku tu. Anayeshtaki ndiye athibitishe, na mkosaji ni mwenye mikono, si chombo chake.

Hadithi yangu imekomea hapo. Mwenye kinu akatwange.