Fimbo Iliyokatikia Mlangoni kwa Namkunda

"Fimbo ya jumbe haivuki kizingiti." Mmeisikia asubuhi hii, Mzee Kirumbi alipowaambia mgambo waliotaka kuingia nyumbani kwake bila hati ya mahakama. Mkacheka, mkidhani anawatania. Hakuwa akitania. Kaeni niwaeleze ilikotoka, na mnisamehe nikipandisha sauti, maana habari hii sijawahi kuisimulia kwa upole.

Methali hii ilianza hivi.

Zamani hapa kwetu Mkweme tulitawaliwa na majumbe. Jumbe alikuwa na kazi zake, na kila mtu alizijua: kugawa maji ya mfereji, kulinda njia na soko, kuwaita watu vitani inapotokea vita. Mengine yote yalikuwa ya wenyewe. Mtu akikosa aliitwa barazani, akashtakiwa mbele ya watu, akajitetea, ndipo wazee wakahukumu. Hakuguswa kabla ya kusikilizwa. Sheria hiyo haikuandikwa popote, lakini hata mtoto anayechunga mbuzi aliweza kukwambia.

Basi akatawala jumbe mmoja aliyeitwa Mashombo, na katika utawala wake mvua ikakosekana. Mfereji ukabaki matope. Watu wakaanza kufichana chakula, wakaanza kupigana. Mashombo akaliambia baraza: "Nipeni ruhusa niingie majumbani, nikusanye nafaka, nimgawie kila mtu sawa. Njaa ikiisha, na ruhusa imeisha." Wazee wakakubali. Na semeni kweli, nani angekataa? Nafaka ikakusanywa, ikagawanywa, watu wakapona. Wakamwimbia Mashombo nyimbo za sifa.

Mvua ikarudi. Mahindi yakakomaa. Ruhusa haikurudi.

Askari wake walikuwa wameshazoea kufungua milango ya watu. Kwanza waliendelea kutafuta nafaka. Baadaye wakatafuta pombe. Mwishowe wakatafuta maneno: nani kasema nini, kwa nani, wakati wa chakula. Mwenye nyumba akiuliza kosa lake, anajibiwa, "Utaambiwa huko mbele." Na baraza likanyamaza. Sekiete, mwamuzi mkuu, mzee aliyejua sheria za nchi kuliko mtu yeyote, naye akanyamaza. Alisema anangoja wakati mzuri. Mimi huwa nauliza: wakati mzuri wa kusema kweli ni upi, kama si pale uwongo unapofanya kazi?

Palikuwa na mtu aitwaye Mbonea, mhunzi, mume wa Namkunda. Hakuwa mgomvi. Siku moja mkutanoni alisimama akauliza, "Jumbe, njaa imekwisha. Ile ruhusa tuliyokupa utaturudishia lini?" Hakusema zaidi ya hayo, akaketi. Mashombo akatabasamu, akasema ni swali zuri.

Kesho yake alfajiri askari wakavunja mlango wa Mbonea, wakamtoa akiwa hajavaa hata viatu. Hakupelekwa barazani. Alifungiwa katika ghala la jumbe. Namkunda alikwenda na chakula, chakula kikarudishwa. Akaenda kwa Sekiete, Sekiete akamwambia avumilie. Siku aliyoambiwa aje kumchukua mumewe, alimkuta amefungwa mkekani. Askari wakamwambia amekufa kwa homa. Namkunda akaufungua mkeka palepale mbele yao. Alichokiona si homa.

Akamzika. Kisha akarudi nyumbani, akawasha moto wa matanga katikati ya nyumba kama desturi, akaanza kulia.

Hapo ndipo Mashombo alipotoa amri ambayo haikuwahi kusikika katika nchi hii. Alisema Mbonea alikuwa adui wa nchi, na adui wa nchi haliliwi. Matanga yake ni marufuku. Moto uzimwe, waliokuja watawanyike, na mjane anyamaze.

Mnanisikia? Amuulie mwanamke mume, kisha amkataze machozi!

Wengi waliogopa, wakafunga milango yao. Wanawake wachache tu walibaki kwa Namkunda, akiwemo mkunga mzee aliyemzalisha watoto wake wote, mama mzazi wa Kajiru. Na Kajiru mwenyewe alikuwa mkuu wa askari wa jumbe. Alipotumwa kwenda kuuzima ule moto, alifika mlangoni, akamwona mama yake amekaa kando ya moto, kanga kichwani. Mama akainua uso. Alimtazama tu. Kajiru akageuka, akarudi kwa Mashombo akasema, "Jumbe, mimi pale siwezi."

Mashombo akapandwa na hasira. Akachukua fimbo yake ya ujumbe, ile ya mpingo waliyorithishana majumbe tangu nchi kuanza, akaenda mwenyewe. Watu walipomwona anapita wakatoka, wakamfuata kwa mbali.

Namkunda alikuwa amesimama mlangoni, ndani ya kizingiti.

"Toka nipite," Mashombo akasema.

"Umekuja kunipa pole?"

"Nimekuja kuzima moto."

"Moto huu umewashwa na nani?"

"Na wewe."

"Kuni za nani? Nyumba ya nani? Msiba wa nani?"

"Nchi hii ni yangu, mwanamke! Kila kilichomo ni changu."

Namkunda akasema, na sauti yake ilisikika mpaka kwa waliokuwa nyuma kabisa: "Mfereji tulikupa. Njia tulikupa. Soko tulikupa. Mume wangu sikukupa, ukamchukua. Na machozi yangu sikupi."

Mashombo akaiingiza fimbo mlangoni kwa nguvu, ampite Namkunda ubavuni, autawanye ule moto. Namkunda akaushika mlango. Ulikuwa mlango wa mbao nzito za mvule, aliokuwa ameupigilia upya kwa mikono yake baada ya askari kuuvunja. Akausukuma kwa mwili wake wote, kwa uchungu wote wa yale aliyoyaona mkekani. Fimbo ikabanwa kati ya mlango na mwimo. Mashombo akaivuta kwa wazimu, akaipinda huku na huku.

Ikakatika.

Nusu ikabaki mkononi mwa jumbe. Nusu ikaangukia ndani, miguuni pa wanawake waliokuwa wakilia.

Kuvunja fimbo ya jumbe adhabu yake ilikuwa kifo. Mashombo akapiga kelele, "Mshikeni! Auawe hapa hapa!" Akamtazama Kajiru. Kajiru akautua mkuki wake chini. Askari wengine wakamtazama mkuu wao, nao wakatua yao.

Ndipo Sekiete alipopita katikati ya watu. "Kuna shauri la fimbo iliyovunjika," akasema. "Shauri linasikilizwa barazani. Twendeni."

Barazani Mashombo akaenda moja kwa moja kukikalia kigoda cha hukumu. Sekiete akamzuia.

"Wewe ndiye mlalamikaji, Jumbe. Mlalamikaji hahukumu shauri lake. Kaa chini kama wanavyokaa wenzako."

"Wewe Sekiete, unasahau nani alikulisha wakati wa njaa?"

"Nilisahau mengine," Sekiete akajibu, "ndiyo maana Mbonea amekufa. Kaa chini."

Watu walikuwa wamejaa hata njiani, na safari hii hawakuwa wakiimba. Mashombo akatazama huku na huku akitafuta jicho moja la kumsaidia. Hakulipata. Akakaa mavumbini.

Namkunda akaambiwa aseme. Akasimama, lakini hakumtazama Mashombo. Aliwatazama watu.

"Huyu sina la kumwambia. Nina la kuwaambia nyinyi. Kila mlango uliovunjwa, mlikuwa na sababu yake tayari midomoni. Huyu alificha nafaka. Yule alipika pombe. Mbonea ana maneno mengi. Nililia katika milango yenu yote, mkanichungulia. Leo mmekuja kwa wingi, kwa sababu mmeona fimbo inavunjika. Mume wangu alipokuwa anavunjika mlikuwa wapi?"

Watu wazima waliinamisha vichwa, na Sekiete alikuwa wa kwanza wao.

Kisha Sekiete akahukumu. Akasema ni kweli, fimbo ya jumbe ni ya heshima, na anayeivunja hufa. Lakini ina heshima hiyo mahali pake tu: njiani, sokoni, mferejini. "Ndani ya nyumba ya mtu ambaye hajashtakiwa wala kusikilizwa, ile si fimbo ya jumbe. Ni mti kama miti mingine. Namkunda amevunja kijiti kilichoingia kwake bila kubisha hodi. Hana kosa." Akamgeukia Mashombo. "Wewe sasa ndiwe mshtakiwa, kwa damu ya Mbonea. Nawe utasikilizwa mpaka mwisho, neno kwa neno, kama ambavyo yeye hakusikilizwa."

Alisikilizwa. Hakuna aliyempiga, ingawa mikono ya wengi iliwasha. Mwisho wake alivuliwa ujumbe, akafukuzwa nchini, akaondoka kwa miguu yake.

Toka siku hiyo, jumbe mpya hakuapishwa barazani. Aliapishwa mlangoni kwa Namkunda. Alisimama nje juani akishika fimbo yake, watu wote wanatazama, na Namkunda akiwa ndani anamngoja aseme maneno ya methali hii kwa kinywa chake. Akiyasema kwa sauti ndogo, Namkunda alimwambia, "Sikusikia." Alifanya hivyo kwa majumbe watatu mpaka alipokufa. Wengine walimwona mkali mno, wakamwambia mambo yamepita, asamehe. Aliwajibu kwamba hawezi kusamehe kwa niaba ya aliyelala kaburini.

Basi kesho mkimwona Mzee Kirumbi msimcheke. Mwamkieni. Na wakija wale watu mlangoni kwenu, wakiwaambia ni leo tu, ni nyumba hii tu, ni kwa faida yenu wenyewe, ulizeni hati iko wapi, na semeni kwa sauti ya kusikika hata kwa jirani: fimbo ya jumbe haivuki kizingiti.